Maikrodozi ya Uyoga na LSD Kando ya Tiba Nyingine za Sonona: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuchagua

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye anaishi Toronto, alinipigia simu ya video usiku mmoja wa Novemba, akaiegemeza simu kwenye birika, kisha akafungua kopo dogo la bati lililokuwa na kapsuli angavu zenye unga wa kahawia uliofifia. "Dada, wewe ni mfamasia," aliniambia, "niambie ukweli: niendelee na hizi, au nikubali vidonge alivyoniandikia daktari?" Unga ule ulikuwa uyoga mkavu wenye silosaibini, ambao alikuwa ameununua katika duka lililo wazi barabarani, ingawa sheria ya Kanada ingali inakataza biashara hiyo. Kila siku ya tatu alimeza kapsuli moja kabla ya chai ya asubuhi, na alikuwa na hakika kwamba tangu aanze, uzito uliokuwa umemlalia kifuani kwa miaka miwili umepungua.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba wiki moja nisome, kwa sababu jibu la haraka, la kukubali au la kukataa, lingekuwa la kumdharau mtu aliyekuwa akiteseka kweli kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Yaliyomo humu ndiyo niliyomwandikia, nikiyapanua kwa ajili ya wengine wenye swali kama lake.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Saikedeliki ni dawa zinazobadili kwa muda namna mtu anavyoona, anavyofikiri na anavyojihisi, na zinazotajwa zaidi ni mbili: LSD, iliyotengenezwa mwaka 1938 na mkemia Albert Hofmann katika kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, na silosaibini, ambayo imo ndani ya aina nyingi za uyoga na ambayo Hofmann huyohuyo aliitenga mwaka 1958 kutoka uyoga wa Meksiko. Maikrodozi ni kumeza sehemu ndogo mno ya dawa hizo, takriban moja ya kumi ya dozi ya kuleta njozi au chini ya hapo, kiasi kwamba mtu anaweza kwenda kazini, kupika na kuzungumza na jirani bila yeyote kutambua lolote. Mwanasaikolojia wa Marekani James Fadiman, ambaye kwa miaka mingi amekusanya taarifa za watumiaji, ndiye aliyeueneza utaratibu alioufuata mdogo wangu, wa kumeza siku moja na kupumzika siku mbili.

Husemwa mara nyingi kwamba hii ni tiba ya jadi, na hapo mambo mawili huchanganywa. Wamazateki wa Oaxaca, ambao kwao watu wa nje walijifunza habari za uyoga huu baada ya mganga María Sabina wa Huautla de Jiménez kumkaribisha Mmarekani R. Gordon Wasson katika kesha lake mwaka 1955, hawakuwa wakila punje za kuamkia kazini. Uyoga wao uliliwa usiku, kwa ajili ya mgonjwa, chini ya uangalizi wa mganga aliyeimba hadi karibu na alfajiri. Jambo hilo, kama tutakavyoona, liko karibu zaidi na dozi kamili ya kliniki kuliko na kapsuli ya jikoni.

Njia nilizoziweka kando ya maikrodozi ni nne: dozi kamili ya silosaibini mbele ya mtaalamu, vidonge vya kawaida vya sonona, tiba ya mazungumzo, na mazoezi ya mwili. Nimezipima kwa maswali ambayo mgonjwa yeyote angeyauliza: je, kuna ushahidi kwamba inasaidia, inaweza kunidhuru vipi, sheria inasemaje, na naweza kuipata wapi.

Ushahidi wa maikrodozi

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hupotea.

Ukiwauliza wanaotumia, wengi watakuambia wamepata nafuu, na hawasemi uongo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, waliwafuatilia watumiaji 98 kwa wiki sita, wakaona dalili za sonona na msongo zimepungua. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mwingine uliolinganisha watumiaji wa uyoga 953 na watu 180 wasiotumia, na baada ya mwezi mmoja hali ya watumiaji ilikuwa imepanda zaidi, ingawa kwa kiasi kidogo hadi cha kati. Lakini katika tafiti za namna hii mtu anajua anachomeza, amekichagua mwenyewe, amekilipia na amekitumainia. Anayeanza safari akiamini kwamba mwisho wake ni mzuri hawezi peke yake kutuambia kama ni dawa iliyomfikisha au ni imani.

Ili kutenganisha mambo hayo mawili, watafiti wa Chuo cha Imperial London walibuni njia ambayo mimi binafsi naiona ya werevu mkubwa. Hawakugawa dawa yoyote. Waliwaomba watu waliokuwa tayari na dawa zao nyumbani wazitie ndani ya kapsuli zisizopenyeza mwanga, watengeneze na kapsuli nyingine tupu zinazofanana nazo, kisha wazipange ndani ya bahasha zenye alama za kuskani kwa simu. Bahasha zikachanganywa na nyingine kuondolewa, hata mwenyewe asijue kama kwa majuma manne yaliyofuata alikuwa anameza uyoga, LSD, au ganda lisilo na kitu. Kompyuta ya watafiti ndiyo iliyojua. Watu 191 walikamilisha zoezi hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Waliomeza maikrodozi walipata nafuu: walijiona wenye utulivu zaidi, wenye kuridhika zaidi na maisha. Na waliomeza kapsuli tupu nao walipata nafuu, kwa kiasi ambacho hakikutofautiana na cha wenzao kwa namna ya kuaminika kitakwimu. Kilichobashiri vizuri zaidi hali ya mtu siku ile kilikuwa ni kile alichodhani amekimeza.

Namwomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Nafuu ya kapsuli tupu si ya kubuni. Watu wale waliamka wakiwa wepesi zaidi. Ila chanzo chake hakikuwa ndani ya uyoga.

Majaribio ya maabara, ambako dozi hupimwa na watafiti wenyewe, yameelekea upande huohuo. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, timu ya Harriet de Wit iliwapa watu wazima 56 LSD ya maikrogramu 13 au 26, au kitu kitupu, mara nne kwa kupishana siku chache, na jaribio lililochapishwa mwaka 2022 halikuonyesha kupanda kwa kudumu kwa hisia wala kwa uwezo wa kufikiri. Mwaka huohuo watafiti wa Buenos Aires waliripoti jaribio la watu 34 waliopewa nusu gramu ya uyoga mkavu, na athari zilizoonekana wazi zilikuwa kwa wale waliobahatisha sawasawa kwamba siku ile wamepewa uyoga.

Jaribio lililo na habari njema kidogo ni la Auckland, New Zealand, lililochapishwa mwaka 2023. Wanaume 80 wenye afya walimeza maikrogramu 10 za LSD, au kitu kitupu, kila siku ya tatu, mara 14 katika wiki sita. Siku za kumeza, waliopewa LSD walijisikia wenye nguvu zaidi, wenye ubunifu, wenye furaha na walio karibu zaidi na wenzao, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba usiku wa kesho yake walilala takriban dakika 24 zaidi. Hata hivyo, wiki sita zilipokwisha hapakuwa na badiliko la kudumu katika hali yao, na wanne kati ya waliopewa LSD walijiondoa kwa sababu ya wasiwasi. Kwa hiyo dawa inafanya kitu fulani siku ile; kilichokosekana ni faida inayobaki.

Washiriki wa majaribio hayo kwa sehemu kubwa hawakuwa wagonjwa wa sonona. Mtu mwenye afya hana nafasi kubwa ya kupanda, na hoja hiyo ya watetezi wa maikrodozi ni ya haki. Lakini hoja hiyo haigeuki kuwa ushahidi kwamba mgonjwa atapona. Inatuacha pale tulipokuwa, na mdogo wangu alikuwa akijitibu kwa kitu ambacho manufaa yake kwa mtu kama yeye hayajathibitishwa.

Dozi kamili mbele ya mtaalamu

Watu wengi husikia kwamba "silosaibini inatibu sonona", kisha wakanunua kapsuli za maikrodozi wakidhani ni habari ileile. Si ileile. Tafiti zilizoleta sifa hiyo zilitumia dozi kubwa, mara moja au mbili tu, chumbani, mgonjwa akiwa amelala na kufunikwa macho, wataalamu wakikaa naye kwa saa sita hadi nane, na akizungumza nao kabla na baada ya siku hiyo.

Jaribio kubwa la mwaka 2022 liliwahusisha watu 233 ambao sonona yao ilikuwa imeshindikana kwa dawa za kawaida. Kundi moja lilipewa miligramu 25 za silosaibini, la pili 10, la tatu 1. Baada ya wiki tatu, asilimia 37 ya waliopewa 25 walikuwa wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 18 ya waliopewa 1. Waliopewa 10 hawakutofautiana na waliopewa 1 kwa namna ya kuaminika. Mtazame huyu wa miligramu 1. Watafiti walimweka hapo achukue nafasi ya kidonge kitupu, yaani dozi iliyo karibu na ile ya kopo la mdogo wangu ndiyo iliyochaguliwa kuwa kipimo cha kutofanya kitu. Ni kweli kwamba walipewa mara moja tu, na maikrodozi hurudiwa kwa wiki, lakini bado jambo hilo linapaswa kumfikirisha mtu anayetaja jaribio hilo kama sababu ya kununua kapsuli.

Dozi kamili nayo si njia nyepesi. Katika jaribio hilohilo maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu vilikuwa vya kawaida, na baadhi ya washiriki walikuwa na mawazo ya kujidhuru katika wiki zilizofuata. Australia iliwaruhusu madaktari wa akili waliopewa idhini kuitumia kwa sonona sugu kuanzia tarehe 1 Julai 2023, na jimbo la Oregon, Marekani, lina vituo vyake vyenye leseni, lakini gharama ni maelfu ya dola. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyofungua njia hiyo, kwa hiyo kwa msomaji aliyeko Mwanza, Mombasa au Bujumbura haipo mezani.

Vidonge, mazungumzo na miguu

Vidonge vya sonona vinasemwa vibaya mitaani kuliko vinavyostahili, na nasema hivyo nikiwa mtu anayevitoa dirishani kila siku. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 522 yenye wagonjwa zaidi ya 116,000, ukalinganisha dawa 21, na zote zilishinda kidonge kitupu katika kutibu sonona ya wastani hadi kali kwa watu wazima. Ushindi huo ni wa kiasi, si wa muujiza, lakini umepimwa kwa wagonjwa wenyewe, tena mara nyingi. Fluoksetini na amitriptilini ni dawa za zamani, za bei nafuu, ambazo hata hospitali ya wilaya inaweza kuwa nazo.

Udhia wake ni huu: nafuu huchukua wiki mbili hadi sita kuja, na katika wiki hizo mgonjwa hupata madhara kabla ya faida, kama vile kichefuchefu, usingizi kuvurugika na hamu ya tendo la ndoa kupungua. Wengi huacha wiki ya pili, bila kumwambia yeyote, kisha husema dawa haifanyi kazi. Kwa vijana walio chini ya miaka 25 mwanzo wa matibabu unahitaji jicho la karibu, kwa kuwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kwanza. Amitriptilini ikizidishwa ni hatari kwa moyo, na haifai kuwekwa kwa wingi nyumbani kwa mtu mwenye mawazo hayo. Na anayetaka kuacha ashushe dozi polepole kwa maelekezo ya daktari.

Tiba ya mazungumzo ndiyo ambayo Afrika Mashariki na Kusini ina cha kuifundisha dunia. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha vilio vingi. Watu wenye sonona walikutana katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa hukohuko ambao hawakuwa madaktari bali walikuwa wamefunzwa kwa muda mfupi. Waliozungumza walikuwa wameanza na asilimia 86 wenye dalili za kutosha kuitwa sonona, wakamaliza na asilimia 6.5; katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, asilimia 94 ilishuka hadi 55 hivi. Huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, na jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 likaonyesha kwamba baada ya miezi sita hali yao ilikuwa nzuri kwa mbali kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Utaratibu huo umefika Malawi na Zanzibar. Bibi hao hutumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na sidhani kama kuna Mswahili atakayeshindwa kulielewa, kwa kuwa sisi nasi mgonjwa anapofika dirishani hasemi "nina sonona". Husema "nina mawazo".

Tiba hii haina madhara ya mwilini, wala haina kosa la jinai. Shida yake ni kuipata. Washauri nasaha waliofunzwa ni wachache, wengi wako mijini, na wa hospitali binafsi hutoza pesa ambazo familia nyingi hazina. Aliyeko ughaibuni ana shida nyingine: mshauri yupo, lakini unamwelezaje Mkanada maana ya kutuma pesa nyumbani kila mwezi huku umefukuzwa kazi na hujamwambia mama?

Kuhusu mazoezi nitasema machache. Uchambuzi wa mwaka 2024 wa majaribio 218 yenye watu zaidi ya 14,000 uliona kwamba kutembea kwa kasi au kukimbia polepole, yoga, na kunyanyua uzito hupunguza dalili za sonona kwa kiasi cha maana, hasa vikifanywa kwa juhudi. Ubora wa majaribio hayo hauko sawa, na mtu aliyezama kabisa hawezi hata kunyanyuka kitandani, sembuse kukimbia. Lakini kwa aliyeko kwenye kina cha wastani, viatu vya kutembelea ni sehemu ya matibabu.

Madhara na sheria

Watetezi wa maikrodozi husema haina madhara kwa kuwa ni ndogo. Nina mashaka matatu makubwa.

La kwanza ni kipimo. Mdogo wangu alinionyesha mizani yake ya jikoni; aliweka kapsuli, namba ikasoma 0.1, akaigusa meza kidogo, ikasoma 0.2, kisha ikarudi sifuri. Hata kama mizani ingekuwa ya maabara, uyoga mmoja unaweza kuwa na nguvu mara kadhaa ya mwenzake uliootea kando yake, kwa hiyo uzito hausemi nguvu. LSD ni mbaya zaidi, maana maikrogramu 10 haionekani kwa macho wala haipimiki nyumbani, na karatasi iliyolowekwa dawa hiyo haina uhakika wa kuwa na kiasi sawa kila pembe. Na si kila kinachouzwa kwa jina hilo ndicho. Mwaka 2024 nchini Marekani chokoleti na pipi zilizotangazwa kuwa za maikrodozi ziliwafanya watu zaidi ya 100 kuugua, wengine wakilazwa kwa degedege na kupoteza fahamu, na vipimo vya mamlaka vilikuta ndani ya baadhi yake muscimoli, ambayo hutoka katika uyoga wa aina nyingine kabisa, na hata dawa ya hospitali ya pregabalini.

La pili ni moyo. Silosaibini na LSD hushika vipokezi (milango ya seli) kadhaa vya serotonini, kemikali ambayo mwili hutumia kupeleka ujumbe, kimojawapo kikiwa kwenye vali za moyo. Fenfluramini, dawa ya kupunguza unene ambayo iliamsha kipokezi hichohicho kwa matumizi ya kila siku, iliondolewa madukani mwaka 1997 baada ya kuharibu vali za watumiaji. Dozi mbili za kliniki hazinitishi kwa upande huu. Kapsuli kila siku ya tatu kwa miaka ndiyo inayonitia shaka, kwa sababu majaribio yote niliyoyataja yalikuwa ya wiki chache tu.

La tatu ni mchanganyiko. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno, asiguse saikedeliki, kwa kuwa zimeripotiwa degedege kwa waliochanganya. Mwenye ugonjwa wa baipola, yaani wa hisia kupanda na kushuka mno, au ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kusikia sauti na kuona visivyokuwapo, hakuruhusiwa kuingia katika majaribio haya, na sababu iliyomzuia huko inamhusu na nyumbani. Anayetumia fluoksetini na jamaa zake anaweza kukuta uyoga haufanyi kitu, akashawishika ama kuongeza uyoga, ama kuacha ghafla dawa inayomshikilia.

Sheria nayo ni sehemu ya afya, kwa kuwa kifungo hakimwachi mtu wala familia yake salama. LSD na silosaibini zimo katika jedwali la kwanza, lililo kali kuliko yote, la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 1994, na katika zote mbili kuwa na dawa hizi bila idhini ni kosa la jinai. Namwomba kwa dhati aliyeko Toronto, London au Minneapolis asitie kopo lake kwenye begi anapokuja likizo, na hasa akipitia viwanja vya ndege vya Ghuba, ambako chembe chache zimewapeleka wasafiri gerezani.

Ningechagua vipi

Kama mtu ana mawazo ya kujiua, ulinganisho huu umsubiri. Aende hospitali leo, akiwa na mtu wa kumshika mkono.

Kama ana sonona ya wastani au kali, iliyomzuia kufanya kazi, kula au kulala kwa zaidi ya wiki mbili, mimi ningeweka vidonge na mazungumzo mbele, vyote pamoja inapowezekana, na ningekipa kila kimoja miezi miwili kabla ya kukihukumu. Mguu wa kutembea ungeongezwa mara tu anapoweza. Maikrodozi ningeiacha nje, kwa sababu inadai pesa, usiri na hatari ya kisheria kwa malipo ambayo kapsuli tupu imeonekana kuyatoa. Kwa ambaye dawa mbili au zaidi zimeshindwa na anaishi Australia au Oregon, dozi kamili yenye uangalizi ni jambo la kuzungumza na daktari wake wa akili.

Kama mtu hana ugonjwa bali amechoka, hana hamu na anatafuta wepesi, ushahidi unamnyima maikrodozi zaidi kuliko wote, kwa kuwa majaribio ambayo mtu hajui anachomeza yalifanywa kwa watu kama yeye.

Na aliyekwisha kuanza, kama mdogo wangu, nilimwambia hivi. Kuacha maikrodozi hakuhitaji kushushwa polepole kama vidonge, na saikedeliki hizi hazimfungi mtu kwa arosto. Amweleze daktari kila kitu: ni nini, kiasi gani, tangu lini. Kama anasikia moyo kwenda mbio au pumzi kukatika apandapo ngazi, aombe kipimo cha moyo. Tena alikuwa na kitu cha kubeba ambacho hakukiona kuwa na thamani. Nyuma ya lile birika palikuwa na daftari la shule lenye mistari, na nilipomwomba alifungue mbele ya kamera niliona safu zilizopigwa kwa rula: saa alizolala, alichokula, alichokimeza, hali yake kwa namba kutoka 1 hadi 10. Nilimwomba aelekeze kidole kwenye siku mbili za mapumziko. Zilikuwa 6, 7, 6, 7, sawa na siku za kapsuli. Kwenye safu ya pembeni, ambayo hakuwa ameitilia maanani, ilionekana kwamba tangu anunue daftari lile alikuwa akilala saa tano usiku badala ya saa tisa, na akienda kazini kwa miguu kandokando ya ziwa, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, kwa sababu alitaka kuwa na kitu cha kuandika.

Alinyamaza kwa muda akiligeuza daftari. Halafu akaniuliza kama ile fluoksetini aliyoandikiwa na daktari humezwa asubuhi au jioni, nami nikamjibu asubuhi, baada ya chai, kwa sababu jioni inaweza kumnyima usingizi aliokwisha kuupata.